Nyumba yenye X mbili: uchambuzi wa kisa cha mhandisi wa barabara aliyehamia kitengo cha uhusiano

Barabara inapopanuliwa Tanzania, mara nyingi mwenye nyumba hapati habari kwa barua. Anaipata kwa rangi. Anarudi kutoka shambani anakuta X ukutani, na kabla hajamuuliza mtu, majirani wameshamweleza maana yake. X nyekundu: uko ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kwa barabara, uliifuata barabara mwenyewe, utaondoka na hulipwi. X ya kijani: barabara imekufuata wewe, utathaminiwa na kulipwa, na hadi siku hiyo unakaa ila huongezi hata tofali moja. Rangi hizo mbili zimebeba sheria nzima, na mtu anayetumwa kuzieleza asipokuwa na uhakika wa kipimo, mkutano unamshinda dakika ya kumi.

Kisa hiki kinamhusu mhandisi wa barabara aliyefanya kazi ya ufundi miaka 11, kisha akapewa kitengo cha uhusiano kwa umma katika wakala wa barabara kuu na za mikoa. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa mji mdogo ulio kwenye barabara ya mkoa ya changarawe inayopandishwa kuwa lami. Yeye, mji huo na mama mwenye nyumba ni vielelezo. Tumeviunda ili kuonyesha kazi inavyokwenda, kwa hiyo hakuna mtu wala ofisi ya kutafutwa nyuma yake. Sheria, kanuni na hesabu za vipimo ni halisi.

Alichokuja nacho

Njia yake ni ile ya kawaida. Alisoma shahada ya uhandisi ujenzi miaka 4, akasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, akapitia mafunzo kazini ya miaka 3 chini ya mhandisi mlezi, kisha akasajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Alianzia maabara ya udongo, akaenda matengenezo ya barabara za mkoa, akamalizia kwenye mizani ya kupima uzito wa magari barabarani.

Watu hudhani maabara ndiyo iliyomfaa zaidi huku alikohamia, kwa kuwa huko ndiko takwimu ziliko. Sisi tunasema ni mizani. Maabara inakufundisha kwamba tabaka lisilofikia kipimo cha kushindiliwa linachimbuliwa hata kama kwa macho linapendeza. Haikufundishi kusimama mbele ya mtu ambaye namba yako inamtoa fedha mfukoni. Mizani inakufundisha hilo kila saa. Dereva ana ekseli ya matairi pacha, kikomo ni tani 10, yeye amesoma 13. Kwa mwongozo wa usanifu wa barabara wa Tanzania wa mwaka 1999, uharibifu hupanda kwa kipeo cha 4.5, yaani ekseli hiyo moja imeiumiza barabara zaidi ya mara 3 ya ile ya tani 10. Maelezo hayo ni sahihi na dereva hayataki. Anachotaka kujua ni kama mzani umesoma kweli.

Na hapo mhandisi huyu alijifunza kitu kidogo kilichomfaa kuliko semina zote. Kabla gari halijapanda, mwache dereva ashuke aone kioo kinasoma sifuri. Mwenye duka la mchele anafanya hivyo hivyo na mteja mbishi: anaonyesha mzani mtupu kwanza, kisha ndipo anamimina. Ugomvi haukwishi, lakini unahama kutoka kwenye "mzani wenu mbovu" kwenda kwenye "nisaidieni nishushe wapi", na huo wa pili una jibu.

Kuhama kada si kuhama meza

Wahandisi wengi wanaotamani kazi hii hawajui bei yake, kwa hiyo tuieleze. Muundo wa utumishi wa maofisa habari na uhusiano unataka shahada ya uandishi wa habari, mawasiliano kwa umma au fani inayolingana. Shahada ya uhandisi peke yake haikuingizi. Anayetaka kubadilisha kada husoma kwanza, huomba kibali cha mamlaka ya utumishi, na kwa kawaida huanzia cheo cha kuingilia cha kada mpya hata kama kwenye uhandisi alikuwa mwandamizi. Mshahara wa zamani hubaki kama mshahara binafsi hadi ngazi mpya imfikie. Maana yake miaka kadhaa anaweza kukaa bila nyongeza inayoonekana, akiitwa afisa daraja la pili na vijana aliowafundisha kusoma dampi, ile darubini ya kupimia usawa, wakiwa mameneja.

Njia nyingine ni kubaki mhandisi kwenye kada yake na kupangiwa majukumu ya kitengo. Ndiyo aliyoichukua, na kwa mtu ambaye hana hakika atabaki huko maisha yake yote, tunaona ndiyo ya busara. Sharti lake ni kutoacha usajili ufe. Ada ya bodi inalipwa kila mwaka na mafunzo endelevu yanahudhuriwa, kwa sababu sheria ya usajili wa wahandisi ya mwaka 1997 hairuhusu mtu asiyesajiliwa kujitambulisha kama mhandisi. Afisa uhusiano aliyeitwa injinia redioni kisha ikagundulika kuwa jina lake limefutwa bodi amejiharibia pande zote mbili.

Kuna mabadiliko mengine yanayouma zaidi ya mshahara. Saiti alizoea kusaini karatasi yake ya vipimo: jina lake, namba yake, wajibu wake. Kitengoni anaandika, lakini msemaji ni mtendaji mkuu, na mkoani ni meneja wa mkoa. Kila sentensi inapita kwenye meza ya mtu mwingine. Ikienda vizuri inachukua siku mbili. Uvumi wa X nyekundu unafika mji wa pili kwa nusu saa, kwenye kundi la WhatsApp la kijiji.

Tangazo lisilo na kosa na lisilo na faida

Hili ndilo tangazo la kwanza aliloandika:

"Wakala unapenda kuutaarifu umma kuwa, kufuatia kukamilika kwa upembuzi yakinifu na usanifu wa kina wa mradi wa ujenzi kwa kiwango cha lami wa barabara tajwa kuanzia km 11+200 hadi km 17+400, zoezi la uwekaji alama katika eneo la hifadhi ya barabara litafanyika kwa mujibu wa Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007."

Mhandisi mwenzake ataisoma atasema safi. Mwananchi hana namna ya kujua kama nyumba yake imo. Hajui km 11+200 iko wapi, kwa sababu namba hiyo iko kwenye michoro na labda kwenye nguzo iliyofunikwa na nyasi. Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina ni maneno anayoyajua vizuri kabisa, ameyasikia kila kampeni; ameyazoea hadi hayamwambii chochote. Tarehe haipo. Nani atapita haipo. Ukikuta rangi ufanye nini, haipo.

Tangazo la pili lilisomwa na gari la matangazo na kubandikwa ofisi ya kijiji, dukani kwa wakala wa fedha za simu, zahanati na msikitini:

"Jumanne na Jumatano wapimaji wa barabara watapita kuanzia mnadani hadi darajani, pande zote mbili. Watapima kutoka katikati ya barabara, si pembeni. Watapaka X nyekundu au ya kijani na kuandika mita kando yake. Kila nyumba itapimwa mwenye nyumba au mwakilishi wake akiwepo. Usipokubaliana na kipimo, usifute rangi wala usigombane na mpimaji: andikisha jina lako kwa mtendaji wa kijiji kabla ya Ijumaa saa 10 jioni, nyumba yako itapimwa tena."

Maneno yameongezeka kidogo, na kila sentensi inamfaa mtu fulani. Ila tangazo hili lilikuja rangi ikiwa imeshapakwa kwenye nyumba za upande mmoja. Kikundi cha wapimaji kilikuwa na ratiba yake, gari lilikuwa na mafuta, na mtu wa kitengo cha uhusiano hakuwa kwenye mpango kazi wao. Kosa la aina hii ni la kimfumo na linarudiwa kila mradi: upimaji uko idara ya mipango, tangazo liko kitengo kingine, na ratiba zao hazijawahi kukaa kwenye karatasi moja.

Wapimaji nao wana hoja yao, na ni hoja ya haki. Ukitangaza mapema sana watu wanategesha. Wiki mbili zinatosha kuinua kibanda cha tofali za kuchoma kwenye kiwanja kilichokuwa mtupu, kupanda miche ya michungwa kwa msongamano usioweza kuzaa, na kuhamishia mabati kwenye pagala. Wasipotangaza, rangi inatangulia neno. Dawa tunayoiona inafaa ni kufunga mambo hayo mawili siku moja: asubuhi gari la matangazo linapita, na asubuhi hiyo hiyo kikundi kinapita na kamera, kila kiwanja kinapigwa picha yenye tarehe na mahali, kilichojengwa na kisichojengwa. Kinachoota baada ya picha kinajulikana.

Mita 7.5

Kabla ya sheria ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ilikuwa kwa kawaida mita 45, yaani mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria hiyo iliifanya mita 60, mita 30 kila upande. Ukanda wa mita 7.5 ulioongezeka ndio chanzo cha rangi ya kijani. Aliyekuwa na nyumba yake halali kwenye ukanda huo kabla ya sheria hakuvamia chochote. Mpaka ndio uliohama. Aliye ndani ya 22.5 anahesabiwa kuwa aliikuta barabara, ila awe na ushahidi kwamba alikuwapo kabla ya barabara yenyewe, na madai ya namna hiyo ni ya kupelekwa kwa maandishi, hayamalizwi mkutanoni.

Tahadhari kwa yeyote anayetaka kukariri 22.5 na 30 kama sala: si kila kipande cha barabara kina vipimo hivyo. Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya, Dar es Salaam, ilihesabiwa kuwa na hifadhi ya mita 121.5 kila upande, na ndiyo iliyotumika katika bomoabomoa ya mwaka 2017 kwa ajili ya upanuzi wa kipande cha Kimara hadi Kibaha. Watu waliokuwa wamejipimia 30 wakalala usingizi waliamka ndani ya hifadhi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya afisa uhusiano, kabla ya kufungua kinywa, ni kuomba tangazo la serikali linalohusu kipande kile kile cha barabara.

Baraza, ukuta na kalavati

Sasa nyumba yenyewe. Ni ya mama mmoja anayeuza mchele na mafuta ya kupima, imejengwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na ina baraza mbele lenye upana wa mita 1.7. Wapimaji walivuta futi kamba kutoka katikati ya barabara hadi ukingo wa baraza: mita 22.1. Chini ya 22.5, kwa hiyo nyekundu. Baraza halina ukuta wa kupaka rangi, kwa hiyo X ikapakwa kwenye ukuta wa nyumba.

Makosa mawili yamelala hapo. La kwanza mtu yeyote analiona akionyeshwa: ukuta uko 22.1 jumlisha 1.7, yaani mita 23.8. Uko nje ya 22.5 na ndani ya 30. Kilichokuwa chekundu, kama kipo, ni sentimita 40 za baraza. Lakini X iliyo ukutani imeihukumu nyumba nzima, na ndivyo ilivyosomwa na kijiji kizima, mama akiwemo. Wapimaji hawakudanganya. Rangi ndiyo haikuwa na pa kukaa. Ndiyo sababu mita ziandikwe kando ya alama, na ziandikwe zimepimwa hadi wapi: "baraza 22.1, ukuta 23.8". Isiandikwe "kushoto" wala "kulia" peke yake. Kwa mhandisi kushoto ni kwa anayesafiri kuelekea namba za kilomita zinakoongezeka. Kwa mwenye nyumba kushoto ni kwa anayetoka mjini. Andika "upande wa shule".

Kosa la pili linahitaji mtu aliyewahi kusimamia grader, mashine ya kusawazisha barabara. Barabara ya changarawe haikai pale ilipojengwa. Kila msimu grader inapita, inasukuma kifusi, na dereva wake anakwepa upande uliomomonyoka. Hapa mfereji wa upande wa pili ulikuwa umekatika, maji yakala bega la barabara, na msimu baada ya msimu magari na grader vikasogea upande wa nyumba. "Katikati" waliyopima ni katikati ya njia inayopitwa leo. Katikati iliyochorwa iko kwingine.

Utaijuaje? Kwa michoro na alama za mpimaji, zikiwapo. Zisipokuwapo, au wananchi wasipoziamini kwa kuwa zinatoka mkobani mwa wakala, kuna shahidi asiyehama: kalavati, njia ya maji inayopita chini ya barabara. Mabomba yalilazwa barabara ilipojengwa, na kuta zake mbili za vichwa zimesimama pale pale. Pima kutoka ukuta hadi ukuta, gawanya kwa 2, umepata katikati ya zamani. Hakikisha kwanza kalavati halikurefushwa upande mmoja: ingia na tochi uhesabu mabomba, uangalie kama kuna maungio ambapo rangi ya zege inabadilika. Na usitegemee kalavati moja. Chukua matatu, vuta kamba, uone kama katikati zake zinakaa kwenye mstari.

Kalavati lililo karibu na nyumba ya mama lina urefu wa mita 9.0, kwa hiyo katikati yake ni mita 4.5 kutoka kila kichwa. Alama hiyo ilikuwa sentimita 90 mbali zaidi na nyumba kuliko katikati ya njia ya sasa, na makalavati mengine mawili yakaafiki.

Upimaji wa marudio ulifanywa Jumamosi saa 3 asubuhi, mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wakiwepo. Vifaa: futi kamba ya mita 50, chokaa, misumari mirefu, daftari. Pembe mraba ilipigwa kwa tatu-nne-tano, yaani pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5, na hapo fundi ujenzi wa kijiji akawa msaidizi bila kuombwa, kwa sababu ndivyo anavyopiga msingi wa kila nyumba. Pembe mraba si urembo. Futi kamba ikiinama nyuzi 10 kutoka kwenye mraba, mita 30 za kweli zinasomeka 30.46, ikiinama nyuzi 20 zinasomeka karibu 31.9. Kamba iliyopinda humwonyesha mtu yuko nje wakati yuko ndani, na kesho mpimaji mwingine akija na mraba sahihi, mtu huyo ataamini amehujumiwa. Futi kamba ishikwe pia kwa usawa wa maji. Ukiilaza juu ya mteremko wa tuta unapata namba ndefu kuliko ile ya kweli.

Mhandisi alishika sifuri kwenye alama ya chokaa. Upande wa pili, kwenye ukingo wa baraza, alisimama mama.

"Soma wewe, mama."

"Ishirini na tatu. Hakuna kilichozidi."

"Mwenyekiti, soma na wewe."

Mwenyekiti akainama, akasoma vile vile. Mtendaji akaandika: baraza 23.0, ukuta 24.7. Hata baraza halimo ndani ya 22.5. Nyekundu ikapigwa chokaa, kijani ikapakwa juu yake, na hadi leo ukitazama kwa karibu unaona ile ya kwanza chini. Ni sifuri ya mizani ile ile: anayesoma namba awe yule anayeumia nayo.

Tuseme wazi kwamba kipimo hiki kina makali pande zote mbili. Sentimita 90 zilizoitoa nyumba ya mama kwenye nyekundu zinaisogezea katikati ya barabara nyumba ya ng'ambo. Mhandisi alilazimika kwenda ng'ambo siku hiyo hiyo, na futi kamba hiyo hiyo, na kupima upya wote. Afisa anayesahihisha kipimo upande wa waliolalamika tu, akaacha upande uliokaa kimya, hajasahihisha kitu. Amependelea.

Pale mhandisi anapojikwaa: fedha

Swali la kwanza baada ya kijani ni moja popote utakapokwenda: nitalipwa kiasi gani, na lini? Mhandisi amezoea kujibu maswali ya kiasi. Hapa akijibu kiasi ameshaahidi, na neno lake litanukuliwa kwenye barua za malalamiko kama ahadi ya serikali. Kiasi ni cha mthamini. Lakini kunyamaza kabisa pia ni kosa, kwa sababu mwananchi asiyejua vipengele vya fidia hawezi kujua kama kimoja kimesahaulika. Kueleza njia ya hesabu kunaruhusiwa na kunafaa. Kutaja jumla ya mtu, hapana.

Kanuni za uthamini za mwaka 2001 zinataka, pamoja na thamani ya ardhi na maendelezo, posho kadhaa. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya nyumba ya namna hiyo kwa miezi 36: kama nyumba hiyo ingepangishwa Sh 80,000 kwa mwezi, ni Sh 2,880,000. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Posho ya usumbufu ni thamani ya mali mara wastani wa riba ya amana za benki kwa miezi 12. Hasara ya faida ya biashara ni faida halisi ya mwezi mara miezi 36, na hiki ndicho kinachopotea zaidi. Mama wa mchele anajua faida yake kichwani, lakini mthamini anataka maandishi: daftari la mauzo, risiti za ununuzi, makadirio ya kodi, leseni. Mhandisi huyu alitumia nusu ya mkutano wa pili kuwaambia wenye biashara waanze kukusanya karatasi hizo kabla mthamini hajafika. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo nusu saa iliyowafaa watu kuliko vipindi vyote vya redio. Aliwaambia pia kwamba kiwanja kisichokaliwa hakipati posho ya makazi, ya usafiri wala ya faida. Hilo lilizimisha makofi, na lilipaswa kusemwa.

Kuhusu lini, aliacha kabisa kutumia "hivi karibuni" na "mchakato unaendelea". Badala yake alisema karatasi iko meza gani: mthamini yuko uwandani, au jedwali la fidia liko kwa Mthamini Mkuu wa Serikali linasubiri kuidhinishwa, au limeidhinishwa na linasubiri fedha. Kila moja ni ukweli unaoweza kuulizwa na kuthibitishwa, na mwananchi anayejua meza anajua pa kuandikia barua. Sheria ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2016 inampa siku 30 za kujibiwa.

Kwa waliobaki nyekundu alikuwa na sentensi fupi, na hakuwapamba: kipimo kimerudiwa mbele yako, kimeandikwa, nakala iko kwa mtendaji, na ukiona umeonewa, nakala hiyo ndiyo utakayoanzia nayo popote utakapokwenda. Kesi ikishafunguliwa mahakamani, msemaji hazungumzii nyumba ile tena. Anaweza kutaja sheria na tarehe tu.

Daftari la tarehe

Jambo ambalo wahandisi hulifanya bila kufundishwa na maofisa habari wengi hawalifanyi ni kufuatilia umri wa vitu. Zege hupimwa nguvu likiwa na siku 7 na siku 28. Uthamini nao una umri. Chini ya sheria ya uthamini ya mwaka 2016, fidia iliyoidhinishwa inapaswa kulipwa ndani ya miezi 6. Ikipita hapo riba inaanza kuhesabika, na ikifika miaka 2 bila malipo uthamini unakufa, kazi inaanza upya kwa bei za wakati huo. Wananchi wengi hawayajui hayo, na si kila ofisi inapenda wayajue.

Mhandisi huyu aliandika tarehe ya kuidhinishwa ukurasa wa kwanza wa daftari lake, akaomba kibali cha meneja wa mkoa mara moja kwa maneno atakayosema kila mwezi, kisha akawa anampigia mwenyekiti wa kijiji kila tarehe 5, kuwe na jipya au kusiwe. Simu ya mwezi wa saba ilikwenda hivi: "Shikamoo mwenyekiti. Fedha bado hazijafika. Uthamini wenu umetimiza miezi 6 tarehe 28, kwa hiyo kuanzia hapo riba inahesabika. Naomba uwatangazie hivyo hivyo, na umwambie mama wa mchele daftari lake la mauzo asilitupe."